Siku Moja na Wiki 1,500: Maana ya Maisha ya Kawaida katika Umisionari, kutoka Rabai hadi Sindo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya wiki ya kawaida, yaani wiki isiyo na tukio kubwa la kusimulia, katika maisha ya wamisionari wa Kikristo waliofanya kazi ugenini Afrika Mashariki. Mifano imetolewa Rabai na Mombasa katika karne ya 19, Gendia kando ya Ziwa Viktoria kuanzia mwaka 1906, Boga katika Kongo ya mashariki, na mji mdogo wa Sindo katika Kaunti ya Homa Bay, ambako mwandishi alizaliwa na akawahi kuwa mkalimani. Hoja kuu ni kwamba wiki hizo zilipata maana pale mgeni alipokubali kuwa mwanafunzi wa wenyeji wake. Kamusi, sarufi na tafsiri nyingi tunazozisoma leo ni mazao ya wiki za aina hiyo. Aidha, makala yanaonyesha kwamba mazoea ya kila wiki yana nguvu ya kuifisha lugha kama yalivyo na nguvu ya kuihifadhi.

1.0 Utangulizi

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society (CMS), aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Habari hiyo ilipochapishwa Ulaya ilizua ubishi. Mwanajiografia William Desborough Cooley wa London alikataa katakata kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta. Siku hiyo moja ndiyo iliyomwingiza Rebmann katika vitabu vya historia.

Hata hivyo, Rebmann alifika pwani yetu mwaka 1846 na hakurudi kwao kuishi hadi mwaka 1875. Miaka hiyo 29 ni wiki zipatazo 1,500. Ukiondoa safari zake chache, wiki zilizobaki alizimaliza Rabai na vijiji vya jirani akihubiri kwa watu wachache, akiuliza maana ya maneno na kuyaandika. Waliobatizwa walihesabika kwa vidole. Basi, wiki hizo 1,500 zilikuwa na maana gani?

Swali hili si la wanahistoria wa dini peke yao. Mwanafunzi wa Kiswahili anapofungua kamusi au sarufi ya karne ya 19 anashika mikononi mwake kazi iliyofanywa katika wiki kama hizo. Licha ya hayo, uhakiki wetu umezoea kutafuta tukio: safari, ubatizo wa kwanza, kitabu cha kwanza. Kwa kufanya hivyo tunafuata, pengine bila kujua, mtindo wa ripoti ya misheni, ambayo ilipaswa kuwapa wafadhili walioko ng'ambo habari za kutia moyo. Ripoti huchagua siku na kuacha wiki. Ni katika shajara, na zaidi katika kamusi, ndimo wiki iliyoachwa inamopatikana.

Mwandishi wa makala haya hakusudii kuutetea umisionari wala kuuhukumu kwa jumla. Lengo ni dogo: kuonyesha jinsi lugha yenyewe inavyotusaidia kuifahamu wiki ya kawaida, na kisha kuipima hoja hiyo kwa mfano wa mahali ambapo mwandishi anapafahamu.

2.0 Majina ya siku na jina la kazi

Tuanze na majina ya siku. Katika Kiswahili neno juma limetokana na Ijumaa, siku ya kukusanyika kwa sala. Jumamosi ni siku ya kwanza baada yake, Jumapili ya pili, na kuendelea hadi Jumatano, siku ya tano. Inayofuata ni Alhamisi, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu nayo ni siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu kutoka Jumapili. Kwa hiyo juma la Mswahili lina siku mbili za tano zilizo jirani. Neno hilo moja linabeba hesabu mbili za watu wawili, na hakuna anayeona tabu.

Mmisionari Mkristo alipofika pwani aliikuta hesabu hii na hakuwa na budi kuiingia. Siku yake ya Bwana, ambayo katika Injili ni siku ya kwanza ya juma, ilikuwa imekwisha kuitwa siku ya pili. Waadventista nao, waliokuja baadaye, wanapumzika siku ya saba ambayo kwa Kiswahili inaitwa ya kwanza. Tangu neno la mwanzo kabisa, basi, mgeni alilazimika kuishi ndani ya wakati ambao haukupangwa na yeye.

Upande wa ziwa mambo ni tofauti. Katika Dholuo, Jumatatu ni Wuok tich, yaani kutoka kwenda kazini. Jumanne ni Tich ariyo, kazi ya pili. Jumatano ni Tich adek, kazi ya tatu. Alhamisi ni Tich ang'wen, kazi ya nne. Na Ijumaa ni Tich abich, kazi ya tano. Mpangilio huu unaafikiana na wiki ya shule, misheni na ofisi. Kwa Mswahili, siku hujulikana kwa umbali wake kutoka siku ya sala. Kwa Mjaluo, hujulikana kwa kazi. Ukimuuliza mtu wa Sindo leo ni siku gani, jibu lake katikati ya wiki haliwezi kukosa neno kazi.

Jambo la pili ni jina la mmisionari mwenyewe. Kutokana na kitenzi tuma tunapata mtume, yaani aliyetumwa na Mungu. Utume, kazi yake. Na mtumwa, yaani mtu anayetumwa tu, asiye na hiari. Kutokana na tumika tunapata mtumishi, kwa kanuni ileile ya kifonolojia inayotoa mpishi katika pika. Mtume, mtumishi na mtumwa ni ndugu wa shina moja. Katika Mombasa na Zanzibar za miaka ya 1840 udugu huo haukuwa wa sarufi tu. Watumwa walikuwa watu halisi waliouzwa sokoni, na mtume aliyetoka Ulaya alikutana nao kila siku. Sehemu inayofuata inaonyesha kwamba mara nyingine yeye ndiye aliyekaa chini kufunzwa nao.

3.0 Rabai na Mombasa: kamusi kama shajara

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mnamo Julai mwaka huohuo mkewe, Rosine, alifariki baada ya kujifungua, na mtoto wao wa kike akamfuata baada ya siku chache. Msomaji wa leo angetarajia mtu huyo akate tamaa na kurudi. Badala yake, Krapf aliendelea na kazi aliyokuwa ameianza mwezi uliotangulia, ya kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Katika kazi hiyo alisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, mmoja wa makadhi wa mji. Inafaa kulitafakari jambo hili. Mkristo aliyefiwa na mke na mtoto anaketi na kadhi Mwislamu, na pamoja wanatafuta maneno ya Kiswahili ya kueleza jinsi ulimwengu ulivyoumbwa. Hakuna aliyembadilisha mwenzake dini. Kazi ikaendelea.

Mwaka 1846 Rebmann aliungana na Krapf, nao wakaanzisha kituo Rabai. Mwaka 1850 Krapf alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili, na mwaka 1853 afya yake ilimlazimu kuondoka. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Anayeisoma kwa makini ataona kwamba haitoi visawe tu. Chini ya neno moja utakuta sentensi iliyosikika mtaani, maelezo ya chombo cha jikoni, desturi ya arusi, jina la aina ya samaki. Tunaweza kuisoma kama shajara iliyopangwa kwa alfabeti badala ya tarehe. Nyuma ya kila kidahizo kuna saa fulani ambapo mtu alimwuliza mwingine, "Hiki mnakiitaje?" Ripoti isingeweza kuitaja saa hiyo, kwa kuwa hakuna kilichotokea. Kamusi imeihifadhi.

Mfano wa Rebmann ni mzito zaidi. Katika miaka ya 1850 alianza kukusanya msamiati wa lugha ambayo yeye mwenyewe aliiita Kiniassa, lugha ya watu wa nchi ambayo leo ni Malawi. Rebmann hakufika Malawi. Mwalimu wake alikuwa mtu aliyeitwa Salimini, aliyetekwa kutoka nchi hiyo na kuletwa pwani kama mtumwa. Kamusi ya Kiniassa ilichapishwa mwaka 1877, baada ya Rebmann kurudi Ujerumani akiwa kipofu na kufariki mwaka 1876. Aliyeihariri ni mwenzake wa zamani, Krapf.

Hapa ndipo shina tuma linapotimia. Mtume alifunzwa na mtumwa. Salimini hakuwa na wiki yake mwenyewe, kwani saa zake zilimilikiwa na mtu mwingine. Lakini katika saa alizokaa na Rebmann alikuwa mwalimu, na lugha ya nyumbani kwao, ambako hakurudi, ilipata kamusi. Hatuwezi kusema kwamba kazi hiyo ilimfuta machozi Salimini, wala kwamba ilihalalisha hali aliyokuwamo. Tunachoweza kusema ni kwamba kama kuna maana katika wiki 1,500 za Rebmann, sehemu yake kubwa ilitoka kwa mtu ambaye ripoti za siku zile zisingemhesabu.

Mtindo huu uliendelea. Katika miaka ya 1880 mmisionari W. E. Taylor alikuwa akifanya kazi Mombasa pamoja na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyezifahamu tungo za Muyaka bin Haji na kueleza maana zake. Miswada yao ndiyo iliyomwezesha William Hichens kuchapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Kila mwanafunzi anayejibu swali la mtihani juu ya Muyaka ananufaika na alasiri nyingi ambazo watu wawili wa dini mbili walizitumia kwa kuuliza na kujibu. Taylor alitumwa kuhubiri. Sisi tunamkumbuka kwa kusikiliza.

4.0 Gendia na Boga: mgeni aliye Mwafrika

Hadi hapa tumemzungumzia mgeni kana kwamba ni lazima awe Mzungu. Historia ya eneo letu la ziwa inakanusha dhana hiyo. Mnamo Novemba 1906 misheni ya Waadventista Wasabato ilianza Gendia, juu ya kilima kilicho karibu na Kendu Bay. Waliofika walikuwa wawili: Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, na Peter Nyambo, kijana kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Wote walikuwa wamesoma katika chuo cha misheni nchini Uingereza. Wote walikuwa wageni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na Dholuo kinywani. Kwa kawaida masimulizi huanza na Carscallen, naye Nyambo huongezwa mwishoni mwa sentensi kama mizigo. Lakini kwa mwenyeji wa Gendia waliopanda kilima walikuwa wageni wawili waliohitaji maji, kuni na maneno.

Carscallen alijifunza Dholuo, akaiandikia sarufi, na mtambo wa kuchapia ukaanza kazi Gendia. Kutokana na uchapaji huo ilizaliwa Africa Herald Publishing House ya Kendu Bay. Matunda haya pia ni ya siku za kazi, zile ambazo Dholuo inazihesabu moja baada ya nyingine. Sabato inahubiriwa siku moja. Herufi za chuma hupangwa siku nyingine zote.

Mfano wa pili ni Apolo Kivebulaya, Mganda aliyevuka mwaka 1896 na kufika Boga, mahali ambapo leo ni Kongo ya mashariki. Alipigwa na kufungwa, na hizo ndizo habari zinazosimuliwa sana. Lakini Kivebulaya alihusiana na watu wa Boga na msitu wake hadi alipofariki mwaka 1933, na katika muda huo alilima, alijenga, alifundisha kusoma na kuandika shajara. Alishughulikia pia tafsiri ya Injili ya Marko kwa lugha ya Wambuti. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume na desturi. Ombi kama hilo haliwezi kutolewa na mtu aliyekuja kwa ajili ya tukio. Ni la mtu ambaye wiki zake zimemhamisha makwao.

5.0 Sindo: hesabu ya watu na hesabu ya mwezi

Sindo ni mji mdogo wa ufukweni, kusini mwa Mbita, katika eneo la Kaksingri. Nyuma yake kuna vilima vya Gwasi na upande wa bara kuna bonde la Lambwe. Uchumi wake umeegemea samaki: mbuta, ngege, na zaidi ya yote omena, dagaa wa ziwa, ambao huanikwa juani juu ya nyavu kuukuu, ufuko wote ukang'aa kama bati.

Baada ya kumaliza shule ya upili, na kabla ya kujiunga na chuo kikuu, mwandishi alikuwa mkalimani wa mmisionari mmoja kutoka ng'ambo aliyeishi Sindo kwa miaka miwili. Hatutalitaja jina lake wala kanisa lake. Alikuwa mtu mwenye bidii na mwenye huzuni. Kila Jumatano alasiri aliitisha somo la Biblia, na kila mwisho wa mwezi aliwaandikia waliomtuma barua iliyopaswa kuwa na idadi ya waliohudhuria. Alichora jedwali na kulibandika ukutani. Hesabu ilipanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka. Wiki moja watu 40, wiki mbili baadaye wanawake watatu na watoto. Iliposhuka alifunga na kuomba, akijiuliza amekosea wapi. Iliposhuka kwa mara ya nne alimwambia mwandishi kwamba pengine hakuitwa, na kwamba anafikiria kurudi kwao.

Siku moja mwandishi alimsindikiza ufukweni. Mama mmoja mzee, mchuuzi wa omena, alimwona yule mgeni amenuna akauliza sababu. Mwandishi akamweleza kuhusu jedwali. Mama akacheka, si kwa dharau, akasema: "Nyathina, mwambie asihesabu watu. Aangalie mwezi."

Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta samaki giza linapokuwa totoro. Mbalamwezi ikiwa kamili, wavuvi wengi hupumzika. Katika usiku wa giza kijiji kizima hukesha: wanaume majini, wanawake ufukweni alfajiri wakingojea mashua. Alasiri inayofuata ama wanaanika samaki au wamelala. Jedwali lile ukutani halikuwa limepima imani ya mtu yeyote. Lilikuwa limechora mwezi.

Mwandishi analazimika kukiri jambo hapa. Yeye ni mtoto wa Sindo na alilijua hilo tangu utotoni. Kwa miezi mingi aliliona jedwali likimtesa mtu na hakusema neno. Alijiona mkalimani, na kazi ya mkalimani, kwa fikira zake za wakati ule, ilikuwa kutafsiri maneno yaliyosemwa. Mwezi haukuwa umesemwa. Pengine pia alistahi kumsahihisha mtu mzima, tena mgeni. Vyovyote vile, ukimya huo ungeweza kumrudisha mtu kwao akiamini kwamba miaka yake imepotea bure. Tangu siku hiyo mwandishi amekuwa na shaka na ukalimani unaofikisha maneno na kuacha maisha yanayoyabeba.

Mmisionari hakurudi kwao mwaka ule. Somo la Jumatano aliliacha katika wiki za giza, na asubuhi za wiki hizo akawa anakwenda ufukweni. Mwanzoni alisimama tu. Kisha akapewa ufagio, akaonyeshwa namna ya kugeuza omena ili wakauke sawasawa, akafundishwa majina ya nyavu na ya pepo za ziwani. Alianza kuandika maneno hayo katika daftari dogo. Siku moja alimlalamikia yule mama kwamba wiki nzima hajafanya kazi yoyote. Mama akamwuliza leo ni siku gani. Akajibu kwa Dholuo yake ya kusitasita, "Tich adek." Mama akamjibu kwamba amekwisha kusema mwenyewe: ni kazi ya tatu, na mbili zimepita.

Kulikuwa pia na mazishi, ambayo kwetu huchukua siku nyingi. Mgeni hakuombwa kuhubiri. Alichota maji, akabeba viti, akakesha. Watu waliozoea kumwita odiero, yaani Mzungu, wakaanza kumwita Ja-Sindo, mtu wa Sindo. Kiambishi ja- katika Dholuo humfunga mtu na mahali au na kazi yake. Hakikupatikana kwa mahubiri hata mamoja. Kilipatikana kwa ndoo.

Barua zake za mwezi zilifupika. Mwandishi hajui zilipokewaje huko zilikokwenda. Anachojua ni kwamba mtu yule hakuongea tena juu ya kutoitwa.

6.0 Upande wa pili wa wiki: suala la Kisuba

Ingekuwa rahisi kukomea hapa, lakini uadilifu wa kitaaluma haukubali. Sindo iko katika nchi ya Wasuba, jamii ya Kibantu iliyotoka upande wa Uganda na kuenea katika visiwa vya Mfangano na Rusinga na katika mwambao wa Kaksingri na Gwasi. Leo Wasuba wengi huzungumza Dholuo kama lugha ya kwanza. Mwaka 1986 Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo walionyesha kwamba utambulisho wa Usuba ulikuwa ukiimarika wakati uleule ambapo ujuzi wa lugha ulikuwa ukipungua.

Sababu za mabadiliko haya ni nyingi: kuoana, biashara, ujirani. Lakini shule na kanisa zina sehemu yao. Agano Jipya la Dholuo lilitoka mwaka 1926 na Biblia nzima mwaka 1953. Msuba alisoma, aliimba na kuomba kwa Dholuo wiki baada ya wiki, kwa miongo. Hakuna mmisionari aliyesimama mimbarani akatangaza kwamba Kisuba kife. Hapakuhitajika tangazo, kwani mazoea yalitosha. Nyanya yake mwandishi alihesabu kuku wake kwa Kisuba na kumwomba Mungu kwa Dholuo. Mama yake mwandishi anahesabu kwa Dholuo. Mwandishi anaandika makala haya kwa Kiswahili.

Juhudi za kurudisha lugha zimekuwapo. Katika miaka ya 1990 Kisuba kiliingizwa katika baadhi ya shule za msingi, na baadaye Agano Jipya likatafsiriwa kwa Kisuba kupitia shirika la Bible Translation and Literacy. Ni dhahiri kwamba jambo hili nalo limefanywa kwa njia ileile: watu kukaa pamoja, wakiulizana neno hili linasemwaje. Iwapo tafsiri hiyo itasomwa na watoto au itabaki kabatini, haitaamuliwa na siku ya uzinduzi. Itaamuliwa na wiki zinazofuata.

Kwa hiyo, hoja yetu inahitaji kurekebishwa. Wiki ya kawaida si jambo jema kwa sababu tu ni ya unyenyekevu. Ni nguvu. Mgeni anayeiingia kama mwanafunzi huweza kuihifadhi lugha, kama Rebmann alivyofanya kwa Salimini. Mgeni huyohuyo, akiwa na nia njema vilevile, huweza kuifunika lugha nyingine ambayo hakujua kwamba ipo. Tofauti iko katika swali analouliza na watu anaowauliza.

7.0 Hitimisho

Injili zenyewe zinapita karibu kimya juu ya sehemu kubwa ya miaka ya Yesu kule Nazareti. Mkristo anayeamini kwamba miaka hiyo haikuwa bure ana sababu ya kutodharau wiki zake mwenyewe. Kwa msomaji asiye Mkristo hoja inabaki palepale kwa njia nyingine: sehemu kubwa ya urithi wa maandishi ya Kiswahili ilitengenezwa katika saa ambazo waliozitengeneza waliziona za kawaida.

Makala haya yamejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, mgeni haleti wakati wake. Anaingia katika wakati wa wenyeji, uwe wa juma, wa kazi au wa mwezi. Pili, maana ya wiki yake haipatikani katika hesabu anayoipeleka kwao, bali katika mahusiano ambamo yeye ndiye anayefundishwa. Tatu, mazoea ya wiki hujenga na kubomoa, na hivyo yanastahili uhakiki kama matukio makubwa yanavyostahili. Tunapendekeza kwamba wanafunzi wenzetu wanaochunguza maandishi ya wamisionari wasiishie kwenye ripoti na masimulizi ya safari. Wasome kamusi kama matini, na katika kila kidahizo wajiulize nani alikuwa upande wa pili wa swali.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha majina ya siku za wiki katika Kiswahili na katika lugha yako ya kwanza. Yanaeleza nini kuhusu mpangilio wa kazi na ibada katika jamii yako?

2. Fafanua uhusiano wa kimofolojia na wa kimaana kati ya mtume, mtumwa na mtumishi. Je, historia ya pwani inaathiri namna tunavyoyaelewa maneno haya leo?

3. Chagua kidahizo kimoja chenye maelezo marefu katika kamusi ya Krapf. Kihakiki kama kipande cha masimulizi.

4. "Mkalimani hufikisha maneno, si maisha." Jadili kwa kurejelea lugha inayofifia katika eneo lako.